Nusu ya Tikiti

Mwanaidi alikwenda ofisini kwa Mwalimu Chande kumwambia kwamba anaacha hesabu na kuhamia historia. Maswali ya ujazo yalikuwa yamemshinda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nikatie hili kwanza, ndipo tuongee."

Mezani palikuwa na nusu ya tikiti refu, imelazwa kifudifudi kwenye sinia. Mwanaidi akaikata vipande kwa upana. Mwalimu akainua kipande cha pembeni.

"Umbo gani hili?"

"Nusu duara."

"Na cha katikati?"

"Nusu duara pia, ila kubwa zaidi."

Mwanaidi akavilinganisha vile vipande viwili. Kumbe upana ndio uliobadilika, umbo ni lilelile. Akipima upana wa kipande pale kinapogusa sinia, atapata eneo lake. Akizidisha kwa unene, atapata ujazo wake, kisha avijumlishe vyote. Akageuka kutafuta rula. Aliporudi, mwalimu alikuwa anatema mbegu.

"Mwalimu, hicho nilikuwa sijakipima."

"Njaa, binti yangu."

Mwanaidi akalivuta sinia upande wake. Akapima kipande kimoja, akakunja uso.

"Upande huu ni mpana kuliko wa pili. Nishike upana upi?"

"Wewe unaonaje?"

Mwanaidi alichukua kisu akakigawa kile kipande tena, taratibu, ulimi ukiwa umebanwa kwenye meno. Kengele ya kipindi cha historia ikalia. Mwalimu akamtazama, naye wala hakuinua kichwa.

Kisha akakinyanyua kipande kipya kuelekea dirishani. Mwanga ukapenya, ukamwachia uso mwekundu.

"Bado kinene," alisema, akakishika kisu tena.