Chini ya Kitanda cha Halvor

"Msiguse hapo," Bibi Borghild alisema. "Fumueni kwingine kote. Chini ya kitanda hapana."

Fundi Einar alishusha mtaimbo wake. Nje, upepo wa tambarare uliitikisa nyumba ya mbao hadi misumari ikalia.

"Bibi, nyumba inatitia upande huuhuu. Nisipoinua msingi, theluji itaiangusha."

"Basi iache ianguke."

Meya Orville alishusha pumzi. Hii ndiyo nyumba ya kwanza ya mji wa Vangen, iliyojengwa na Halvor Kvamme, babu yake Borghild, kabla ya reli kufika. Wageni waliletwa kuona jiko la chuma na koti la manyoya. Lakini wote waliulizia jambo moja tu: Ragna, mke wa Halvor, alikwenda wapi?

Majirani wa kwanza walipofika, theluji ikiyeyuka, walimkuta Halvor peke yake na mtoto mchanga aliyenona vizuri. Mkewe, alisema, alitoka nje wakati wa dhoruba kwenda kulisha ng'ombe, asirudi. Hakuoa tena. Alilima, akamlea binti yake, akazeeka. Hakunywa na wanaume wenzake, na hata alipougua hakukubali daktari amguse. Watoto wa mji walimkimbilia nyuma wakiimba: "Halvor, Halvor, mkeo yuko wapi? Amelala chini, hasemi, hasikii!"

"Orville," Borghild alisema, "mwaka wa ukame familia yako ilikula ngano yake. Muache apumzike."

"Hakuna anayemhukumu, Bibi. Ila watu wamechoka kunong'ona. Endelea, Einar."

"Huenda tukakuta dhahabu," Einar alitania.

Mbao ziling'oka. Chini palikuwa na udongo mweusi, mkavu. Einar alichimba kidogo, akasimama. Uso ulimbadilika.

"Kuna mtu humu."

Daktari Amundson aliitwa. Alishuka shimoni, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni. Kwenye kidole kimoja palibaki pete. Aliifuta, akampa meya.

Orville aliisogeza dirishani. Ndani palichongwa jina moja: *Ragna*.

Alivua kofia. "Pole sana, Bibi Borghild. Kwa hiyo alimuua kweli."

Borghild alikaa kwenye kiti cha pembeni, akautazama ukuta. Hakulia.

"Subiri kwanza," daktari alisema kutoka shimoni. "Kwetu, pete yenye jina la mke huvaliwa na nani?"

"Na mumewe. Lakini—"

"Na tazama nyonga hii. Tazama mfupa wa paja. Huyu ni mwanamume, Orville."

Upepo ulitulia ghafla. Einar alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Haiwezekani," meya alisema. "Halvor yuko makaburini, kanisani. Jeneza lake nililibeba mimi, kwa bega langu hili!"

Borghild alinyanyuka polepole, akaitwaa ile pete mkononi mwa meya.

"Uliyembeba wewe, mimi ndiye niliyemwosha," alisema. "Alikuwa bibi yangu."