Joto la Baba

Kila asubuhi, kabla ya chai, kila nyumba ilimpima joto kila mtu wake na kutuma taarifa zahanati. Nyumba isiyotuma haikupewa dawa. Programu ya kompyuta iliyopokea taarifa hizo ilikuwa ileile ya zamani, na Atupele, karani wa takwimu, ndiye aliyeijua nje ndani. Ni yeye aliyeitungia fomula ya kujaza nafasi tupu kwa kunakili joto la jana, na wilaya nzima ilimsifu: taarifa kamili, asilimia mia.

Kisha baba yake akafariki. Siku ya saba baada ya maziko, joto lake lilikuwa bado linatumwa: thelathini na sita nukta saba.

"Mama, leo namwondoa," alisema, kompyuta mapajani. "Sheria ni kumwondoa marehemu ndani ya siku saba. Wakigundua, kazi sina."

"Na mimi nitaamka nisome joto la nani?" Mama alijibu. "Mwache, mwanangu. Anaendelea vizuri kuliko alipokuwa hai."

Atupele akacheka, machozi yakimlenga, akafungua mstari wa baba aandike kifo chake. Kidole kikasita hewani. Joto la leo lilisomeka thelathini na tisa nukta mbili. Fomula yake ilijua kunakili tu. Kupandisha haikuwahi kufundishwa.

"Mama, umegusa hii?"

Mama akachungulia, akaguna kwa uchungu, akaanza kukunja mikono ya blauzi.

"Usikae hapo kama mgeni," alisema akielekea chumbani. "Lete beseni na kitambaa. Baba yako anaungua."

Atupele akaifunga kompyuta bila kuandika kitu, akaenda kuchota maji.