Simu Inataka Tarehe

Kidole kilikataliwa mara ya nne. Fundi vigae akakipangusa kwenye suruali, akakipulizia kama anayewasha moto, akakibandika tena. Simu ikatetemeka, ikamwandikia palepale: ingiza namba.

Kilikuwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ndicho pekee kilichobaki na mistari. Vile tisa vingine saruji ilishavilamba zamani, vikawa laini kama kipande cha sabuni. Siku binti yake alipomletea simu hii, walivijaribu kimoja kimoja mpaka wakafika hapo. Sasa chaji ilikuwa imeisha, na asubuhi simu ilipowashwa ikawa kama mtu aliyezinduka kutoka kuzimia: haimjui mtu.

Na humo ndani ndimo vilimokuwa vipimo vya nyumba nzima ya muuguzi mmoja aliyempa kazi ya vigae: sebule, jiko, vyumba vitatu, na choo chenye kona saba. Muuguzi mwenyewe amesafiri na funguo. Duka la vigae lilitaka vipimo kabla ya saa sita ili gari lipakie. Muda ukipita, mzigo unakwenda kwa fundi mwingine, na kazi inaufuata. Fundi hakuwa amepata kazi nyingine kwa miezi miwili.

Miaka yote aliandika vipimo kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Mfuko wa saruji haukuwahi kumuuliza yeye ni nani. Lakini vijana wa kazini walimcheka, naye akataka kuonekana wa kisasa. Haya, kisasa hicho hapo.

Saa tatu binti yake akapiga, maana kupokea simu ilikubali. Fundi akamweleza mkasa wake. Binti alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema yuko kazini, hana muda.

"Baba, namba ni siku mliyooana wewe na mama. Tarehe, mwezi, mwaka. Niliiweka hiyo makusudi, usije ukasahau."

"Aa, kumbe ni hiyo," fundi akasema, akatoa kicheko cha mtu anayejua. Binti akakata.

Hakuwa na hata fununu.

Mwaka aliupata kwa kuhesabu umri wa binti. Mwezi aliubahatisha: mvua ilinyesha, wageni walisukuma gari la bibi harusi kwenye tope, na yeye mwenyewe aliingia ukumbini na kiatu kimoja. Kiatu alikikumbuka vizuri, cha kahawia, saizi arobaini na mbili. Tarehe, hapana. Akabahatisha mara tano, simu ikamfungia dakika tano. Akabahatisha tena, ikamfungia nusu saa, kama mwalimu anayemtoa mtoto nje ya darasa, na hilo alilijua vizuri kuliko masomo yenyewe.

Akaenda kwa aliyekuwa msimamizi wake wa harusi, kinyozi wa mtaa wa pili. Kinyozi akasimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja, akawaza sana, kisha akasema ilikuwa Jumamosi.

Saa tano na robo alirudi nyumbani. Mkewe alikuwa anapiga pasi.

"Hivi, mama watoto, mimi na wewe tumeshakaa miaka mingapi?" aliuliza, macho darini kama anayekagua nyufa.

Pasi ikasimama. "Umesahau tarehe."

"Sijasema..."

"Umesahau tarehe ya ndoa yako, baba watoto."

Akakiri. Akaeleza kidole, muuguzi, gari na saa sita. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni, halafu akaanza kumsomea. Alimwambia anajua matokeo ya kila mechi tangu ujana wake, anajua kila duka linalouza saruji iliyoganda, ila siku aliyopata mke ameshindwa kuipatia pa kukaa katika kichwa chenye nafasi yote hiyo. Fundi hakubisha. Kwa maoni yake mwenyewe, alikuwa amepunguziwa adhabu.

"Mimi hata ukiniamsha usingizini naitaja," mkewe akamalizia. "Ngoja kwanza nikatazame jiko."

Huko jikoni fundi akasikia kopo likifunguliwa na kufungwa. Bila shaka ni chai, akawaza, na ya kwangu haimo.

Mkewe akarudi, akasimama wima kama anayeapa. "Tarehe kumi na tisa, mwezi wa nne, mwaka tisini na saba."

Simu ikafunguka. Saa sita kasoro dakika nane vipimo vilifika dukani, na duka likajibu kwamba gari linapakia.

Fundi akajiona mdogo kuliko kile kidole chake. Mwanamke ameitunza siku hiyo kichwani miaka yote, na yeye alichotunza ni kiatu. Akamwambia mkewe aketi, leo chai anapika yeye.

"Acha tu," mkewe akasema haraka. "Nitapika mwenyewe."

"Kaa, mke wangu."

"Basi yangu usitie sukari."

Tangu amuoe, alimjua kwa vijiko vitatu. Akaona huyu bado ana hasira, mpaka utamu anaukataa, na roho ikamuuma zaidi. Leo atamwekea vinne. Akashusha kopo la sukari kutoka rafuni, akafungua kifuniko.

Upande wa ndani palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wa binti yao: "Mama, namba ya kufungulia simu yako ni 190497. Ndiyo siku mliyooana. Usiniulize tena."