Wapigaji wa Vichakani

"Jina lako nalifuta, basi!" alifoka Moreshwar. "Na unitazame usoni unaponijibu. Adabu umemwachia nani?"

Vinayak aligeuka, akamtazama kaka yake. Walikuwa katika bustani ya studio, Bombay, jua la asubuhi likiwachoma. Vichakani na juu ya matawi walijificha wapigaji muziki kumi na wawili, kamera isiwaone. Enzi hizo muziki ulipigwa palepale, mwigizaji akiimba.

"Filamu tano, kaka. Zote zimeandikwa Moreshwar na Vinayak. Leo nimekuwa nani?"

"Umefanya kazi gani? Mimi natunga, mimi naongoza. Wewe unasimama mgongoni kwangu unapunga mikono kama unafukuza nzi. Nikuandike kwenye pazia la sinema kwa kufukuza nzi?"

Mpiga fidla mmoja aliangua kicheko juu ya mti. Moreshwar, aliyewahi kumfukuza mtu kazi kwa kupiga chafya, hakuinua hata macho.

Miaka miwili iliyopita, siku mbili kabla ya kufa, mama yao alimwapisha Vinayak aitunze siri ya kaka yake, asimwache aaibike mbele za watu. Tangu hapo amekula matusi ya kila namna na hakufungua kinywa. Alichobaki nacho ni lile jina la pili tu, na sasa hilo nalo linakwenda.

"Nikikaa pembeni leo, utaweza?"

"Kaa uone!"

"Sawa, kaka."

Vinayak akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono kifuani. Mwongozaji wa filamu alikuwa amechoshwa na ugomvi wao. Akaamuru kamera ianze. Chandrabai, mwigizaji, akasimama kati ya maua.

Moreshwar akafumba macho kama kawaida yake, akainua mkono. Akaongoza wimbo mzima, kwa utulivu, kichwa kikiyumba, tabasamu likimjia kila mwisho wa ubeti. Kwenye vichaka watu kumi na wawili walimkodolea macho Vinayak, vyombo vimelala magotini. Chandrabai naye alimtazama yeye, midomo imefungwa. Bustani nzima walisikika kunguru tu.

Moreshwar akashusha mkono, akafumbua macho, akamgeukia mdogo wake.

"Umesikia?" akasema. "Bila wewe, na hakuna hata mmoja aliyekosea."