Firigisi ya Baba

Siku hizi watu wa kila nyumba huwekewa machoni lenzi za mtazamo mmoja, ili waione jamii kwa namna moja. Nyumba ya Bi Salha iliangukiwa na lenzi za uamilifu: kila desturi ina kazi yake.

Akipakua kuku, alikumbuka kelele za ugomvi wa zamani, kabla ya lenzi, zilizomfanya jirani apunguze redio ili asikilize vizuri. Mumewe, Mzee Shaame, alikuwa akishikilia kwamba firigisi ni ya baba, kwa kuwa nyumba haisimami bila nguzo. Binti yao, Raiye, alikuwa akija juu: "Nguzo gani? Mwenye nguvu ndiye anayekula!" Bi Salha hakujali nguzo wala nguvu. Kwake firigisi ilikuwa neno la mapenzi, na alingoja tu mumewe ainue macho amtazame.

Leo, kwa kuwachokoza, aliitia kwenye sahani ya Raiye.

Raiye akaisogeza kwa baba yake. "Umesahau, mama? Hii ya baba."

Mzee Shaame akaila bila kuinua macho.

Bi Salha alitamani japo mmoja wao agombe. Akafungua kinywa aanze yeye, akajisikia akisema, "Kweli, mwanangu. Kila kitu na kazi yake."