Jioni Nilizorudishiwa

Nilishinda kesi yangu ya saa za ziada dhidi ya Shirikisho, mwajiri wangu, baada ya miaka saba. Mafao ya kustaafu nilipewa wiki ileile. Saa za ziada hazilipwi fedha siku hizi. Sheria inataka mtumishi arudishiwe jioni zenyewe, kama kuta za nyumba yake zilivyozihifadhi.

Fundi alikuja Jumatatu, akafunga mtambo wa kuzirudisha jioni hizo juu ya meza ya chakula.

“Utawaona mumeo na mwanao wa siku zile na kuwasikia, Mama Asimwe. Ila wao hawatakuona.”

“Kwani nimekuuliza?” nilimjibu.

Saa moja jioni akatokea Asimwe wangu wa miaka sita, bado amevaa sare ya shule, na marehemu baba yake akipakua ndizi. Nilivuta kiti nikakaa nao.

“Baba, mama anarudi saa ngapi?”

“Akimaliza kazi. Wewe kula.”

Baba alipoingia jikoni, mtoto alichukua nyama yake, akaificha chini ya ndizi nilizowekewa mimi, akaifunika sahani vizuri. Kisha akageuka kuutazama mlango.

Nilimpigia simu Asimwe, ambaye sasa ni mtu mzima na ana nyumba yake mbali.

“Mwanangu, kumbe ulikuwa unaniwekea nyama yako?”

“Kila siku. Si ulikuwa unaikuta, mama?”

“Nilikuwa naikuta,” nikasema. “Ilikuwa tamu sana.”

Miaka yote ile nilikuwa nakula ofisini. Sahani ile nilikuwa nammwagia mbwa, bila hata kuitazama.