Utepe wa Mlango wa Kushoto

Jirani aliapa kwamba alishuhudia mwenyewe: siku ya Pasaka yule bibi aliyehamia Bugomora juzijuzi alikaa benchi la mbele kanisani, akaambiwa, "Inuka, hapo pana wenyewe."

"Na aliyemwinua, Kantengwa, ni mama yako," jirani alimalizia.

Tangu hapo bibi alisikiliza ibada akiwa amesimama nje, chini ya dirisha, kando ya mikeka ya kuanikia kahawa.

Jumapili hii ilikuwa ya kwanza kwa wakaribishaji, watu wa kuwapokea waumini milangoni. Kantengwa ndiye aliyewaomba watu wajitolee, akawapanga wawili wawili kila mlango, akawabandika vifuani kwa pini tepe alizokata kwenye kanga yake. Mmoja hakutokea. Kantengwa akauchukua utepe uliobaki, akazunguka hadi dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usinifukuze, mwanangu. Huku sijakalia cha mtu."

"Sikufukuzi. Mlango wa kushoto umepungukiwa mtu, na kwa kusimama wewe unatushinda sote."

Bibi aliguna, kicheko kikamponyoka. Kisha akavitazama vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa ndizi, akaanza kuvisugua kwa pindo la kanga, kimoja baada ya kingine.

Kengele ikalia. Watu walikuwa wameshaanza kupanda kilima, na mbele yao mama yake Kantengwa, Biblia kwapani.

Kantengwa akafungua pini. "Bibi, utampa mkono kila anayekuja?"

Bibi aliinua macho, akamwona anayekuja. Kilikuwa kimebaki kidole kimoja. Akakisugua haraka zaidi.